Mwanamke wa Shaba Ndani ya Xeedho

Nyumba ya Habsa pale Kiwanjani, Isiolo, haikuwa nyumba ya kubisha hodi. Mlango ulikuwepo, wa mabati, umepakwa rangi ya kijani, lakini tangu siku ulipotiwa bawaba haujawahi kufungwa mchana. Watu waliingia kama wanaoingia sokoni: mwenye kiu ya chai, mwenye shida, mwenye habari. Mwenye habari ndiye aliyepewa kiti chenye mto. Ukitaka kujua lori la nani limekwama njia ya Kinna na limekwama na nani ndani, ulikwenda kwa Habsa, ukanywa chai ya maziwa ya ngamia, ukatoka unayajua hata yale usiyoyauliza.

Na katika habari zote alizokuwa nazo, hakuna iliyomkaa mdomoni kama habari ya Khadar. Khadar alikuwa kifungua mimba wake, miaka ishirini na minne, na mwezi wa nane ulikuwa unakwisha tangu apande ndege kwenda Doha kufanya kazi ya hoteli. Habsa mwenyewe hata Mombasa hajafika, lakini Doha aliijua mtaa kwa mtaa. Aliweza kukueleza ghorofa analolala mwanawe, zulia lake, na ile lifti ambayo ukiingia inakusalimu salaam aleikum kwa sauti ya mwanamke.

Kitu kimoja tu hakuwa akikisema. Khadar alipiga simu Jumapili saa kumi jioni, dakika tatu, hazizidi. Hakupiga ile ya kuonana uso. Na kila Jumapili maneno yalikuwa yale yale: hooyo, niko salama, Doha ni joto tu. Mtoto aliyezoea kumwita mama yake "hooyo" kwa kuvuta, kwa kumtania, sasa alilitamka neno hilo kama anayesoma kibao. Simu ikikatika, Habsa alibaki ameishika kifuani, na moyo ukimwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Halafu anajifuta uso, anatoka uani na kuwaambia wageni, "Khadar anawasalimu. Amepandishwa cheo."

Wiki tatu kabla ya harusi ya binti yake Hamdia, mzigo ulikuja na basi kutoka Eastleigh, Nairobi, umetumwa kwa niaba ya Khadar na mtu wasiyemjua. Ndani yake mlikuwa na shela ya hariri, na kitu kigumu cha urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwiko, kimeviringishwa kitambaa na kubanwa kwa gundi ya karatasi mpaka hakina umbo. Juu yake paliandikwa kwa mkono wa Khadar: Ya Hamdia. Ifunguliwe siku yake.

Habsa alikipima mkononi. Akakipima tena. Fartun, wifi yake, ambaye hakuna jambo lililompita katika nyumba ile, alikipima pia.

"Wifi," alisema Fartun, "hii ni nzito."

"Doha wanauza nini kizito?"

"Unaniuliza mimi na wewe ndiye unaishi huko?"

"Dhahabu," Habsa akasema. "Mtoto ametuma dhahabu."

Kabla ya jua kutua, Kiwanjani nzima ilijua kuwa Khadar wa Habsa ametuma dhahabu ya urefu wa mkono.

Na hapo ndipo alipofanya lile kosa. Familia ya Habsa, kama nyingi za Wasomali wa Isiolo, ilitokana na askari walioletwa na Waingereza zamani kutoka Ghuba ya Aden, na askari wale walikuja na desturi zao, mojawapo ikiwa xeedho. Mama wa bibi harusi huchukua chombo cha mti, akakijaza nyama iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo kama punje na kukaangwa ndani ya samli. Juu huzibwa kwa tende zilizopondwa. Kisha chombo huvikwa nguo, shanga na shela kama bibi harusi mwenyewe, na kufungwa kwa kamba ndefu ambayo mwisho wake umefichwa. Siku ya saba baada ya harusi, wanaume wa upande wa bwana harusi huja kuifungua bila kisu, mbele ya watu wote, na aibu ni yao wakishindwa.

Habsa aliona hakuna pahali pazuri pa dhahabu kuliko humo. Alikizamisha kile kifurushi katikati ya nyama, kama kilivyo, bila kukifungua, maana kimeandikwa kifunguliwe siku yake. Akamwaga samli iliyotoka Kinna, akaziba kwa tende.

Margaret Akolong, jirani yake Mturkana waliyekaa naye ua kwa ua miaka ishirini, ndiye aliyekuwa akikoroga sufuria siku hiyo. Alimtazama. "Mama Khadar, si ungeangalia kwanza ni nini?"

"Nikiangalia nitaambia watu, na nikiambia watu haitakuwa ajabu tena."

"Ushaambia watu."

"Nimeambia wachache," alisema Habsa.

*

Siku ya saba ilikuwa Jumatano. Turubai lilitandazwa uani, watu arobaini na zaidi, chai inazunguka, watoto juu ya ukuta. Upande wa bwana harusi, Dahir, uliongozwa na mzee Yahye, ami yake, mtu wa malori, mrefu, mwenye ndevu nyekundu za hina na sauti ya mtu aliyezoea kuwapigia kelele madereva. Fartun alikaa kando ya xeedho na fimbo ya mlinzi mkononi.

"Hii kamba haina mwisho," alilalamika kijana mmoja wa kina Dahir, jasho likimtoka.

"Ina mwisho," akasema Fartun. "Nyinyi ndio hamna mwanzo." Akampiga fimbo ya vidole, na wanawake wakapiga vigelegele.

Ilichukua karibu saa nzima. Kamba ikaachia, nguo zikavuliwa moja moja, mfuniko ukatoka na harufu ya samli na iliki ikajaa ua mzima. Dahir, bwana harusi, alikata tende kwa kijiko, akachota nyama, akamlisha ami yake. Watu wakashangilia. Lakini macho yote hayakuwa kwenye nyama.

"Dhahabu iko chini," mtu alisema nyuma, wala hakujificha.

Dahir akakunja mkono wa kanzu, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akacheka. Akashika kitu. Kitambaa kilikuwa kimelowa samli wiki tatu, gundi imeachia, na alipovuta, kitambaa kilibaki chini na kitu kikatoka uchi.

Alikuwa mwanamke.

Mwanamke wa shaba, anang'aa, samli ikimtiririka kutoka kichwani. Alivaa taji refu lenye ncha, kama kichuguu kilichojengwa kwa pete. Goti moja amelikunja, mguu mwingine ameuinua nyuma, nyayo wazi. Mikono miwili ameitupa hewani na vidole vyake vimepinda kwenda nyuma, nyuma kabisa, kama vidole vya mtu asiye na mifupa, na kila kidole kina ukucha mrefu kuliko kidole chenyewe. Uso ulikuwa umetulia, macho nusu yamefumbwa, anatabasamu.

Glasi ya chai ilianguka mahali na hakuna aliyegeuka. Dahir alikuwa bado amelishika lile sanamu, mkono mbele, kama mtu aliyeshika nyoka na hajui amwachie wapi.

Halafu wote wakaanza kwa pamoja.

"Ni jini. Angalia hizo kucha."

"Ni mungu wa Wahindi."

"Wa Wahindi wana mikono sita, huyu ana miwili tu."

"Basi ni mungu mdogo."

"Limepikwa na nyama? Mimi nimekula."

"Sote tumekula," alisema mzee mmoja, na akatoka nje ya lango akashika tumbo.

Yahye alinyanyuka. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Habsa zaidi. "Mama Khadar. Hiki kimetoka wapi?"

Ulimi wa Habsa, ambao haujawahi kumwangusha, ulikuwa umekauka. "Khadar," alisema. "Khadar alituma. Zawadi ya dadake."

"Kutoka Doha."

"Kutoka Doha."

"Mimi nimekaa Ghuba miaka sita, nikiendesha trela. Huko hawauzi kitu kama hii. Mtoto wako yuko na watu gani?" Akaligeukia lile sanamu. "Mimi sisemi ni sihiri. Mimi sijui ni nini. Lakini Ijumaa baada ya sala nitarudi na wazee. Khadar aongee na sisi, kwa simu, kwa mdomo wake, atuambie hii kitu ni nini na dini yake iko wapi. Mpaka hapo Hamdia akae kwa mamake."

Hamdia alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ya hina. Hakulia. Alikuwa akimtazama mama yake, na Habsa akaona msichana haulizi habari ya ndoa. "Hooyo," alisema kwa sauti ndogo, "Khadar yuko wapi?"

Ua ule uliojaa watu arobaini ulikuwa mtupu kabla chai haijapoa.

*

Asubuhi ya Alhamisi, kwa mara ya kwanza, mlango wa kijani ulikuwa umefungwa. Habsa alikaa sebuleni na lile sanamu juu ya meza, limefunikwa taulo. Alikuwa amejaribu namba ya Khadar mara zisizohesabika, ile ambayo haipatikani ila yeye mwenyewe akipiga. Akajaribu kumwomba Fartun ushauri, Fartun akasema labda mtoto ameoa Mhindi.

Margaret aliingilia nyuma, kwenye pengo la ua. Hakukaa.

"Mama Khadar, toa hiyo taulo."

Habsa akatoa. Margaret hakumtazama yule mwanamke wa shaba kwa muda mrefu. "Jana nilipoiona nilienda nyumbani, nikamweleza Jecinta vile iko. Ile kofia, zile kucha. Aliacha kukula." Akavuta pumzi. "Anasema anamjua."

Jecinta. Habsa alishusha macho. Mwaka uliopita Jecinta, binti wa Margaret, alikwenda ng'ambo kufanya kazi, Arabuni, ndivyo watu walivyoambiwa. Akarudi baada ya miezi kumi akiwa amekonda, na begi moja jepesi ambalo kijana wa boda alilibeba kwa kidole kimoja. Sebuleni kwa Habsa jambo hilo lilizungumzwa wiki mbili. Habsa ndiye aliyempa jina, Begi Tupu. Lilitoka hapo likaenda sokoni, likarudi kanisani kwa kina Jecinta, na msichana akaacha kutoka nje. Habsa hakumaanisha ubaya. Lilikuwa jina la kuchekesha tu, na watu walicheka.

"Atakuja kwangu?" aliuliza.

"Hapana," alisema Margaret. "Utaenda kwake."

Akaenda. Hatua thelathini, na sanamu limeviringishwa ndani ya leso kama mtoto mchanga. Jecinta alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni, anasuka nywele zake mwenyewe bila kioo. Hakusimama.

"Habari yako, Jecinta."

"Mzuri. Weka hapa."

Habsa alilitua juu ya mkeka. Jecinta aliligeuza kwanza chini juu, akatazama kitako, kisha akalisimamisha, na akagusa ukucha mmoja kwa ncha ya kidole chake.

"Si mungu," alisema. "Wala si jini. Ni msichana anacheza ngoma. Wanacheza hivi, wamepanga laini, pole pole, na hizo kucha wanavaa, ni za shaba kama yeye. Vidole wanafundishwa kupinda kutoka wakiwa wadogo. Ni kama sisi na ngoma yetu ya edonga, tu sisi tunaruka na wao hawana haraka." Alitafuta kwenye simu, akamwonyesha: wanawake ishirini, wazima, wenye damu, taji zile zile, vidole vile vile, wakigeuka pamoja kama majani.

Habsa alihisi mabega yanashuka. Msichana anacheza ngoma. Alianza kuwaza jinsi atakavyomweleza Yahye, maneno yakaanza kurudi mdomoni, na hata kicheko. "Kumbe ni mchezaji ngoma. Na wale wazee wanatapika tangu jana. Wako wapi hawa, Doha?"

"Thailand," alisema Jecinta.

"Ni mtaa?"

"Ni nchi, Mama Khadar. Mbali na Doha. Hizi sanamu wanauza uwanja wa ndege, pale unapitia. Mimi nimeziona kabati nzima." Aliacha kusuka. "Khadar alipelekwa na nani?"

Habsa alitaja jina la wakala, yule bwana wa ofisi ya juu ya duka la simu kule Eastleigh, mwenye miwani, mpole, aliyemwita mama.

Margaret, aliyekuwa amesimama kando, alikaa chini polepole.

"Huyo ndiye alinipeleka," alisema Jecinta. "Aliniambia ni Dubai, kazi ya kupokea wageni. Tulishuka kwa hiyo nchi ya huyu msichana, wakasema tunabadilisha ndege. Hatukubadilisha. Tulitiwa kwenye gari siku nzima, tukavushwa mto usiku kwa mtumbwi. Ng'ambo ya huo mto ni nchi nyingine na hakuna sheria. Ni majengo na waya. Unanyang'anywa pasipoti, unakaa mbele ya kompyuta saa kumi na sita unadanganya watu wa mbali kwamba unawapenda, mpaka watume pesa zao zote. Usipofikisha, wanakupiga kwa umeme. Jumapili wanakupa simu dakika tatu umwambie mamako uko salama."

Habsa alikuwa amemsikia. Neno kwa neno alimsikia, na bado akili yake ilikuwa imesimama pale kwenye dakika tatu, haikutaka kusogea mbele.

"Joto," alisema. "Ananiambia kuna joto."

"Kuna mtu anasimama nyuma yake. Hawezi kusema kingine."

Mbuzi alipita kati yao, akanusa sanamu lenye harufu ya samli, akalamba taji. Hakuna aliyemfukuza.

"Kwa nini hukusema?" Habsa aliuliza, na swali lilikuwa bado halijamtoka vizuri alipojua hakupaswa kuliuliza.

Jecinta alimtazama sasa, moja kwa moja. "Mimi niliporudi, Mama Khadar, watu waliniuliza begi iko wapi. Wewe ulikuwa wa kwanza. Hakuna aliyeuliza mimi nilikuwa wapi." Akachukua nywele zake, akaendelea kusuka. "Khadar aliondoka mwezi mmoja baadaye. Nilimwona akipita hapa na suti yake. Nilitaka kumwita. Nikasikia akicheka na wenzake, wananiita lile jina. Nikaingia ndani."

*

Kwenye karatasi ya mzigo kulikuwa na namba ya aliyetuma. Habsa aliipiga pale pale, juu ya mkeka wa Margaret, simu ikiwa wazi wote wasikie.

"Salaam aleikum. Mimi ni mamake Khadar wa Isiolo."

"Waleikum salaam, hooyo." Sauti ya kijana, yenye kikohozi. "Mimi ni Mohamednoor. Mzigo ulifika?"

"Ulifika. Khadar yuko wapi?"

"Doha, hooyo."

"Mwanangu, sikiliza. Huyu mwanamke wa shaba anavaa kucha ndefu na kofia ya ncha, na nimeonyeshwa kwao. Nakuuliza mara ya pili, na sitakuuliza ya tatu."

Upande wa pili ilisikika pikipiki ikipita, na mtu akiuza mayai.

"Aliniapisha," alisema Mohamednoor. "Alisema ukijua utaanguka. Alimnunua siku ile ya kwanza, uwanja wa ndege, tukingoja ile ndege ambayo haikuwepo. Alisema dadake ataolewa na huyu ndiye bibi harusi wa kwanza amemwona huko. Miezi saba amemficha ndani ya mto wa kulalia. Mimi niliugua kifua, wakaniona sifai, wakanitupa upande wa pili wa mto. Usiku wa mwisho alinitia huyu kwenye nguo."

"Ni mzima?"

"Nilipomwacha, hooyo, alikuwa anatembea."

Simu ilikatwa na Margaret. Mdomo wa Habsa ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka, yeye, Habsa wa Kiwanjani. Margaret akamshika kichwa, akakiegemeza kwenye paja lake.

Jecinta ndiye aliyezungumza. "Kuna watu Nairobi walionirudisha. Nina namba yao. Wanataka jina lake kamili, namba ya pasipoti, jina la wakala, na mzazi wa kusema hadharani, redioni na kwa serikali, aseme asinyamaze. Hapo ndipo wanakwama. Wazazi wengi wanaona haya. Wanataka mtoto abaki Doha."

*

Ijumaa baada ya sala, mlango wa kijani ulikuwa wazi. Habsa mwenyewe alikuwa ametuma watu kuita watu: wa Bula Pesa, wa sokoni, wanawake wa maziwa, hata mchungaji wa kanisa la kina Margaret. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Fartun alizunguka na birika akinong'ona kwamba yeye mwenyewe hajui lolote, jambo ambalo liliwatisha watu kuliko lile sanamu.

Yahye alikaa mbele na wazee wanne. Mwanamke wa shaba alisimama juu ya meza, safi, amefutwa samli, vidole hewani.

"Simu iko wapi?" alisema Yahye. "Tumekuja kumsikia kijana."

"Hamtamsikia," alisema Habsa. "Mtanisikia mimi."

Akasimama. Kwanza alimwita Jecinta, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, na watu wakaguna. "Huyu mnamjua kwa jina nililompa mimi. Lile jina liwe limekufa leo. Yeye ndiye aliyeniambia hii ni nini, na hakuwa na deni la kuniambia." Halafu akaeleza. Alieleza ngoma, na kucha, na uwanja wa ndege. Watu wakaanza kutabasamu kwa aibu, na mzee aliyetapika Jumatano akatazama viatu vyake. Yahye mwenyewe alilegea, akafungua mdomo aseme basi, yamekwisha, msichana aende kwa mumewe.

Habsa hakumpa nafasi. Akaendelea mpaka kwenye mto, na waya, na umeme, na dakika tatu. "Khadar hayuko Doha," alisema. "Sijui kama amewahi kuiona Doha. Lile zulia nililowaambia nililitoa kichwani. Lifti pia. Kila Jumapili nilijua kuna kitu, nikatoka hapa nje nikawaambia amepandishwa cheo."

Akalitaja jina la wakala.

Alikuwa amejiandaa kwa minong'ono. Alikuwa amejiandaa hata kwa kicheko, maana alijua angefanya nini yeye mwenyewe angekuwa amekaa upande ule. Lakini ukimya ulioshuka ulikuwa na mahali ulipotoka, na watu wakageuka mmoja mmoja kuutazama. Yahye alikuwa ameshika ncha ya meza. Hina ya ndevu zake ilionekana nyekundu zaidi kwa sababu uso chini yake ulikuwa kama majivu.

"Sema tena hilo jina," alisema.

Akasema tena.

"Umulkheir," alisema Yahye. "Binti yangu. Yuko Eastleigh, anaondoka kesho na ndege ya usiku. Hoteli, Doha." Alimtazama Habsa kama asiyemwona. "Namba ya huyo mtu nilipewa na wewe. Hapa hapa. Ulisema mwambie umetumwa na mama Khadar."

Habsa alikumbuka. Alikumbuka hata kikombe alichokuwa akinywea siku hiyo. Hamdia akaja akamshika mkono.

Yahye alitoa simu. Vidole vyake vinene vilikosea mara mbili, na mwisho ni Jecinta aliyeinuka, akaichukua mkononi mwake, akatafuta jina, akapiga, akaiweka mezani kati ya miguu ya yule mchezaji. Watu wote wa ua ule, Waislamu na Wakristo, walisikiliza ikilia. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Hallo, aabo?" ilisema sauti ya msichana. "Niko dukani nanunua begi. Nani amekufa?"

"Hakuna," alisema Yahye. Mzee aliyewapigia kelele madereva miaka thelathini alikuwa akizungumza kama anayemwamsha mtoto. "Wacha hiyo begi. Ngoja hapo ulipo, binamu zako wanakuja kukuchukua. Usirudi kwa huyo mtu hata kuchukua nguo."

Hamdia alikwenda kwa mumewe jioni ile. Hakuna aliyekumbuka kulizungumzia.

*

Jumapili Umulkheir alikuwa amefika Isiolo, amekasirika, anakula muqmad, ile nyama ya xeedho iliyobaki, na kusema ilikuwa kazi nzuri. Habsa alikuwa amezungumza na wale watu wa Nairobi mara tatu, tena na redio mara moja, na mtangazaji alilazimika kumwomba apunguze kasi. Sebule ilijaa, na macho yote yalikuwa kwenye simu, maana ilikuwa inakaribia saa kumi. Jecinta alikaa karibu naye, goti kwa goti.

"Usitaje nchi," alimkumbusha. "Usilie. Akijua kwamba umejua, inatosha."

Simu ililia.

"Hooyo," alisema Khadar. "Niko salama. Doha ni joto tu."

"Hata hapa ni joto," alisema Habsa. Sauti ilikuwa yake ile ile ya kila siku, na wote waliokuwepo walishangaa aliitoa wapi. "Harusi ya dadako ilienda vizuri. Na yule mchezaji ngoma uliyemtuma amefika."

Nyuma yake kilisikika kiti kikiburutwa, na mtu akikohoa karibu sana na simu.

"Amefika?"

"Amefika na kucha zake zote. Tumekaa naye, tumemjua. Kwao tumepajua, na njia aliyopitia tumeijua. Hapa nyumbani kila mtu amemjua."

Pumzi ya Khadar iliingia na haikutoka upesi. Alipozungumza, alilivuta lile neno kama alivyokuwa akilivuta zamani, akimtania, na Habsa akabana meno ili asivunje ahadi yake kwa Jecinta.

"Hooyo. Kila mtu?"

"Mwanangu, si unanijua mimi," alisema Habsa. "Kila mtu."